Upepo wa Kusi Haukingi Jua

Sogeeni hapa chini ya mkungu, wanangu, maana jua la saa sita si la kukaa nalo watu wakizungumza. Leo nataka kuwasimulia habari za jua hili hili tunaloliona kila siku, lakini tukiwa majini: kwenye ngalawa ya mashindano, juu ya ubao unaoteleza mawimbini, au tunapopiga mbizi kwa raha zetu tu. Naanza na jambo ambalo watoto wengi wa pwani wameliona kwa macho yao na hawajawahi kuuliza sababu yake.

Ni siku ya resi za ngalawa, mwezi wa Julai. Kusi inavuma, tanga limejaa, na kila wimbi linalopiga ubavuni linawarushia mabaharia maji baridi mpaka wanatetemeka. Mawingu yanapita. Vijana wamevua mashati, vichwa wazi, wamejipaka mafuta ya nazi wanameta. Sasa mtazameni mzee aliyeshika usukani. Amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Kichwani ana kofia ya ukili yenye ukingo mpana, imekazwa kwa kamba chini ya kidevu. Na ndani ya kofia amejizungushia kitambaa kinachoshuka kufunika masikio na ukosi. Vijana wanamtania: "Shikamoo Babu, hilo joho lote na baridi hii?" Anaitikia marahaba, halafu anawaambia wachunge jua. Wanacheka. Jua gani, na upepo wote huu?

Mzee anasema kweli. Alijifunza kwa kuishi baharini, lakini sababu ya ukweli wake iligunduliwa mbali sana na hapa, zaidi ya miaka 200 iliyopita, na watu wawili ambao pengine hawakupata kuona ngalawa maishani mwao.

Wa kwanza ni William Herschel, mtazama nyota aliyeishi Uingereza, yule yule aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Mwaka 1800 alichukua kipande cha kioo chenye pembe tatu, akaupitisha mwanga wa jua ndani yake. Mwanga ukatoka upande wa pili umegawanyika rangi rangi, kama tunavyoona mvua na jua vikikutana: nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu, mpaka urujuani. Herschel alitaka kujua rangi ipi ina joto zaidi, basi akaweka kipimajoto kwenye rangi moja baada ya nyingine. Upande wa urujuani kilipanda kidogo tu. Kwenye nyekundu kikapanda zaidi. Halafu akakiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni rangi yoyote. Kikapanda kuliko kote. Ndipo alipofahamu kwamba jua hutoa mionzi isiyoonekana ambayo kazi yake ni kupasha joto.

Wa pili alikuwa kijana wa miaka 24, Johann Wilhelm Ritter, wa mji wa Jena huko Ujerumani. Habari za Herschel zilipomfikia alijiuliza: kama kuna kitu kilichojificha nyuma ya nyekundu, nyuma ya urujuani je? Mwaka 1801 akatwaa karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, chumvi nyeupe ambayo hubadilika kuwa nyeusi ikipigwa na mwanga. Akaiweka kwenye rangi zile. Upande wa nyekundu karatasi ilikawia sana kubadilika. Upande wa urujuani ilibadilika upesi. Na nje ya urujuani kabisa, pale penye giza kwa macho yetu, ikawa nyeusi haraka kuliko mahali pengine popote. Mionzi ile tunaiita leo urujuanimno.

Sasa ziwekeni pamoja hadithi hizo mbili. Mionzi inayopasha joto iko ncha moja ya mwanga wa jua. Mionzi inayounguza ngozi iko ncha nyingine. Ngozi yako ina mishipa ya kuihisi ile ya kwanza: unasema leo jua kali, unatafuta kivuli. Hii ya pili haina mshipa wa kuihisi hata mmoja. Inaingia nawe hujui. Kusi ikivuma, au ukilowa maji, joto linaondoka na wewe unaona raha, unabaki majini saa tatu, saa nne. Lakini upepo hauigusi urujuanimno hata kidogo. Inateremka vile vile, inapiga utosi vile vile. Wingu jepesi nalo huipitisha nyingi. Na ubaya wake mwingine ni kwamba haidai malipo papo hapo: ngozi iliyoungua baharini mchana huanza kuwaka baada ya saa kadhaa, na maumivu hufikia kilele baina ya saa 12 na saa 24 baadaye. Ndiyo maana mtu hurudi nyumbani anacheka, akala wali wake vizuri, halafu usiku hawezi kuweka kichwa kwenye mto.

Kwa hiyo ukitaka kulipima jua, usiulize ngozi yako. Tazama kivuli chako.

Sisi tunaokaa Unguja, Tanga, Dar es Salaam au Mombasa tuko karibu sana na ikweta, na jua letu linapita juu hasa. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba, jua la adhuhuri hupita sawasawa juu ya vichwa vya watu wake. Simama uwanjani siku hiyo, kivuli chako kitakuwa kimejikunja chini ya nyayo. Jua likiwa wima namna hiyo, mionzi yake hukata angani kwa njia fupi kuliko zote, na tabaka la ozoni linaloichuja urujuanimno ni jembamba zaidi katika nchi za joto kuliko kule mbali na ikweta. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha nguvu ya mionzi hii: kuanzia 3 mtu anashauriwa ajikinge, na 11 kwenda juu huitwa hatari kupindukia. Pwani yetu, adhuhuri isiyo na mawingu, huvuka 11 mara nyingi. Julai inashuka, lakini haiikaribii hata kidogo hiyo 3.

Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lina nguvu ya kukuumiza. Kikiwa kirefu kuliko wewe, nguvu imepungua. Hilo tu. Na watu wa pwani wamekuwa na kipimo hiki karne nyingi bila kukiita kipimo cha ngozi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, wakati wa swala ya alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha na kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa juu kabisa. Basi ukiwa majini ukasikia adhana ya alasiri, kiasi cha saa tisa na nusu, jua ndiyo kwanza limefika pale tunapotaka. Ngoja kidogo tena, mpaka kama saa kumi, ucheze kwa amani zaidi. Asubuhi ni vivyo hivyo kwa upande wake: kabla ya saa tatu na nusu, saa nne, bahari ni yako.

Lakini bahari ina ratiba yake, haimsikilizi mtu. Ngalawa hushindana maji yakijaa, na upepo mzuri wa kaiti, ule ubao unaovutwa na tiara, kule Paje kisiwani Unguja, huja mchana. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani ndio wanaojua zaidi, maana maji ya bamvua hutoka asubuhi kuelekea mchana, na wao lazima wawe shambani humo jua likipanda. Watazame wanavyovaa: kanga imefunika kichwa na mabega, kofia juu ya kanga, mikono mirefu. Hakuna aliyewafundisha darasani. Saa zikishindikana kubadilishwa, kinachobaki ni kujifunika, na ndiyo habari iliyobaki ya mazungumzo yetu.

Kwanza tujue mionzi inatua wapi. Nchi kavu hutoka juu tu, au karibu juu tu. Majini hutoka pande mbili. Maji yenyewe hurudisha chini ya sehemu 10 kwa 100 ya urujuanimno, mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha kama 15, na povu jeupe la mawimbi kama 25. Kwa hiyo hata aliyevaa kofia anapigwa kutoka chini: chini ya kidevu, chini ya pua, na zaidi kwenye mdomo wa chini, ambao umetokeza nje na kuelekea juu siku zote. Na msidhani ukizama ndani umepona. Nusu mita chini ya maji, mionzi bado ina nguvu kama 40 kwa 100 ya ile ya juu. Anayeogelea kifudifudi kutazama samaki, kwa mfano, amelipa jua kisogo chake, ukosi wake na nyuma ya masikio, anakaa hivyo saa nzima, na maji ya baridi yanamwambia kila kitu kiko sawa.

Mtazame yule kijana anayefua maji ndani ya ngalawa. Katika mashindano hana nafasi ya kuinua kichwa. Ameinama, anachota, anamwaga, anachota, anamwaga. Sehemu inayolitazama jua si uso wake, ni utosi na ukosi. Akinyoa kipara, au amenyolewa kama wanafunzi wengi wanavyonyolewa, ngozi yote ya kichwa iko wazi. Na ninyi wasichana mliosuka twende kilioni, angalieni kwenye kioo: kati ya msuko na msuko kuna mstari wa ngozi tupu unaotoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Ngozi ile ilikuwa imefichwa na nywele miezi na miezi, haijazoea jua, na siku ya kwanza ya kuogelea baada ya kusuka ndiyo inayochomwa. Mistari ile hupata maumivu, hukakamaa, baadaye hubambuka kama mba, na wengi hudhani ni mba kweli au wamesukwa kwa kukazwa mno. Juu ya masikio pia husahauliwa na karibu kila mtu. Hata wanaojipaka losheni kwa uangalifu hupaka mashavu wakaacha masikio.

Macho nayo yamo usoni. Mtu anayekaa miaka mingi juu ya maji bila ukingo wa kofia wala miwani huweza kuota kinyama chembamba juu ya weupe wa jicho, upande wa pua, kikatambaa polepole kuelekea kwenye mboni. Nenda soko lolote la samaki utazame macho ya wazee wa bahari, utakiona. Ukingo wa kofia wa upana wa kiganja unasaidia macho zaidi ya mnavyofikiri.

Hapa kuna mtoto atanyoosha mkono aseme: lakini sisi ni weusi, jua ni letu. Ni kweli kwa kiasi, na kiasi hicho ni kizuri kukijua. Ndani ya ngozi kuna rangi inayoitwa melanini. Katika kila seli, chembechembe za melanini hujipanga juu ya kiini, upande unaoelekea jua, zikakaa kama kofia juu ya kichwa. Zinakilinda kiini kwa sababu ndani yake ndimo ilimo DNA, maandishi ambayo seli huyasoma ili ijue kazi yake. Urujuanimno ikiyafikia huzigandisha herufi mbili zilizo jirani. Seli huweza kurekebisha kosa, na hufanya hivyo kila siku, lakini makosa yakizidi miaka na miaka, baadhi hubaki, na kutokana na hayo huweza kuzaliwa saratani. Ngozi nyeusi ina kofia nyingi na kubwa, kwa hiyo inakinga mara kadhaa zaidi kuliko ngozi nyeupe. Haikingi yote. Ngozi nyeusi huungua; isipokuwa haigeuki nyekundu ya kuonekana, basi hakuna anayeamini. Hukaza, huwasha, huuma ukiigusa, halafu hubambuka na kuacha mabaka. Midomo haina melanini ya kutosha hata kwa mtu mweusi tititi.

Na nawaomba sana jambo moja: acheni mkorogo. Cream zile za kung'arisha uso zinafanya kazi kwa kuiondoa melanini, yaani zinazivua kofia seli zako moja moja, halafu unakwenda baharini. Ndimu pia msipake usoni mkatoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi huchoma mpaka malengelenge, na alama yake hukaa wiki nyingi.

Sasa wapo ndugu zetu waliozaliwa na ualbino. Miili yao haitengenezi melanini, au huitengeneza kidogo sana. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wa aina hii. Inakadiriwa ni mtu 1 katika kila watu 1,400, wakati Ulaya ni kama 1 katika 17,000 au zaidi. Kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria, kinajulikana kwa watu wake wengi wenye ualbino. Fikirini kuzaliwa hivyo kisiwani, maji pande zote, ziwa likiwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza urujuanimno kwa kiasi cha sehemu 10 kwa 100. Kwa watu hawa saratani ya ngozi ndiyo adui mkubwa, na hushika zaidi kichwani na shingoni: masikio, midomo, mashavu, utosi. Sehemu zile zile nilizozitaja.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi mwenzenu mwenye ualbino abaki nyumbani. Haki ya kuogelea ni yake kama ilivyo yenu, na mtoto wa kisiwani asiyejua kuogelea ana hatari nyingine kubwa. Ninachosema ni kwamba mkipanga kwenda majini, mpange saa ambazo na yeye anaweza kwenda. Mkicheza alasiri ikishapita, mnacheza wote. Mkimwambia "wewe kaa kivulini ututunzie nguo", mmemfanyia jambo ambalo halikuwa na ulazima. Kule Moshi, hapa hapa Tanzania, hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun, iliyobuniwa makusudi kwa watu wenye ualbino wa nchi zetu na kugawiwa kupitia kliniki za ngozi. Ni kitu cha kujivunia, na natamani kila mtoto anayeihitaji aipate bila kuhangaika.

Kabla ya losheni za chupa watu walikuwa wakifanya nini? Walijipaka walichonacho. Bibi zetu walisaga liwa kwenye jiwe kwa matone ya maji, wakapaka uso mzima. Liwa ilikuwa urembo kwanza, harufu na ulaini. Ukivuka kwenda Visiwa vya Ngazija na Mayotte utawakuta wanawake wamepaka msindzano, uso wote wa manjano, sokoni na shambani, na watakuambia ni kwa uzuri na kwa jua pia. Madagaska wanaiita masonjoany. Kisiwa cha Msumbiji kina mussiro, uji mweupe wa mti wa huko. Mbali zaidi, wanawake wa Kibajau wanaoishi juu ya bahari za Ufilipino na Malaysia hupaka uso uji wa mchele kabla ya kushuka kwenye mtumbwi. Bahari mbalimbali, na watu wasiojuana wamefikia jibu linalofanana: weka kitu baina ya uso na jua. Dosari yake ni kwamba maji hukiosha.

Kitambaa hakioshwi hivyo. Huko China, katika mji wa Qingdao, kiasi cha mwaka 2004, mama mmoja mhasibu mstaafu aitwaye Zhang Shifan alishona barakoa ya kitambaa cha kuogelea inayofunika kichwa na uso wote, imeachwa matundu ya macho, pua na mdomo. Wenzake wakaipenda, na leo ufukwe wa kule umejaa wanawake wa makamo wenye barakoa za rangi zote. Mwaka huo huo wa 2004, Aheda Zanetti, mwanamke wa Australia aliyezaliwa Lebanoni, alibuni vazi la kuogelea la mabinti wa Kiislamu, lenye kofia inayofunika nywele na shingo. Alifanya kwa ajili ya stara. Lakini nchi yenyewe ni Australia, ambako saratani ya ngozi ni nyingi mno, na ambako tangu mwaka 1981 watoto hufundishwa kwa katuni ya ndege wa bahari kuvaa shati, kupaka losheni na kuvaa kofia. Msichana wa Unguja anayeogelea amefunikwa kichwa na mikono hana haja ya losheni isipokuwa usoni, viganjani na miguuni. Anayemcheka hajui anachokicheka.

Turudi kwenye ile kofia ya mzee, tuishike mkononi. Ukili umesukwa kwa ukindu, ukashonwa kwa kuzungushwa kuanzia utosini kwenda nje, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ukingo ukafika upana wa kiganja. Inue uitazame kuelekea mbinguni. Ukiona vitone vya mwanga vinapita, jua nalo linapita. Ukili uliokazwa vizuri hauonyeshi kitu. Fanya jaribio hilo hilo kwa nguo yoyote. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hukinga kidogo, na ikilowa hukinga kidogo zaidi, maana maji huifanya ipitishe mwanga. Nguo yenye rangi iliyokolea na iliyosukwa kwa kubana ni bora. Kapelo, hii ya ukingo wa mbele tu, ni nzuri kwa pua na macho, lakini inaacha masikio na ukosi. Ukiwa huna nyingine, vaa kitambaa chini yake kama mzee alivyofanya. Kwa kaiti na mawimbi makubwa chagua kofia laini, na kamba yake iwe ya kufunguka ukiivuta kwa nguvu, kusudi isikukabe ukipigwa na wimbi. Waliosuka wavae kofia ya kuogelea, ile ya mpira au ya kitambaa.

Losheni ni kwa ajili ya pale nguo isipofika. Tafuta iliyoandikwa SPF 30 au zaidi: hiyo huzuia kiasi cha 97 kwa 100 ya mionzi inayounguza, na ya 50 huzuia kama 98, kwa hiyo msigombane kwa tofauti hiyo. Ugomvi uwe juu ya wingi. Watu hupaka kidogo mno. Uso, masikio na shingo vinataka kijiko kizima cha chai, ngozi ikiwa kavu, dakika 15 au 20 kabla ya kuingia majini. Paka tena kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka ukajifuta. Ikiwa imeandikwa inastahimili maji, soma dakika: mara nyingi ni 40 au 80, si siku nzima. Chupa isiachwe juani ndani ya ngalawa, dawa huharibika. Kwa pua, mashavu na mdomo wa chini, ile nyeupe nzito yenye oksidi ya zinki hukaa zaidi. Ndiyo mnayowaona nayo waokoaji wa fukwe za Australia, pua nyeupe pe. Zinki hiyo hiyo imo katika kalamini mliyopakwa mlipougua tetekuwanga. Mafuta ya nazi na mafuta mazito ya mgando yanalainisha ngozi, hayakingi jua. Na kwa ajili ya matumbawe yetu, epukeni losheni zenye oksibenzoni. Hawaii walipitisha sheria ya kuzuia uuzaji wake mwaka 2018, Palau nao wakapitisha yao mwaka huo huo, ikaanza kutumika mwaka 2020.

Ukiungua licha ya yote hayo, toka juani, jimwagie maji ya kawaida, unywe maji mengi. Malengelenge usiyapasue. Dawa ya meno usipake, wala mafuta ya moto. Mtoto mdogo, au mtu mwenye homa na kutapika baada ya kuungua, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Na mchunguzane. Masikio yako na utosi wako huvioni mwenyewe, lakini mwenzako anaviona. Mkitoka majini, kabla ya kukunja tanga, angalianeni nyuma ya masikio, kwenye mistari ya nywele, kwenye mdomo wa chini. Mkiona kidonda au gamba lisilopona baada ya wiki nne, linalotoa damu likiguswa, kwa kijana, kwa baba, kwa mzee wa usukani, na hasa kwa yeyote mwenye ualbino, msingoje liume. Mwambieni mtu mzima ampeleke hospitali akaonwe na daktari wa ngozi, maana saratani ya ngozi ikikutwa bado ndogo, mara nyingi hukatwa ikaisha.